Utambi Uliobaki Sikioni

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la dawa, Roda, muuguzi niliyekaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu, alinipa daftari jipya lenye jalada gumu. "Dokta, usiondoke na mambo yote kichwani," alisema. "Andika, sisi tutasoma." Nimelitazama daftari hilo kwa miezi miwili hapa Makole, mjini Dodoma, katika nyumba aliyoniachia mama, nikiwa mstaafu anayeamka saa kumi na moja alfajiri bila mgonjwa hata mmoja wa kumwamkia. Leo nimelifungua. Sitaandika habari za vyeo, maana vyangu vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Nitaandika habari za masikio.

Najua mtacheka. Mnatarajia habari za uzazi mgumu, za nyoka, za watu walioangukiwa na ukuta. Hayo yote niliyaona. Lakini kesi iliyoninyima raha kuliko zote ilikuwa ya sikio linalotoa usaha baada ya mafua, ugonjwa ambao ninyi mnauandika kwa mstari mmoja kwenye daftari la wagonjwa na kumwita anayefuata.

Nilianza kazi Mpwapwa, chini ya tabibu mmoja mfupi, mkimya, aliyeitwa Bwana Mlelwa. Siku yangu ya kwanza aliletwa mtoto anayelia huku ameshika sikio. Nikachukua otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, nikainama kwa mbwembwe za mtu aliyetoka chuoni juzi. Bwana Mlelwa akaniuliza, "Pua umeiona?" Sikuwa nimeiona. Kamasi ilikuwa inachuruzika mpaka mdomoni. Akanieleza jambo nililolisoma chuoni bila kulielewa: nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda sikioni, na kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala. Mafua yakiuziba, maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na kugeuka usaha. Mtoto atalia siku mbili, kisha atanyamaza ghafla na kulala vizuri, na mama atamshukuru Mungu. Akipambazukiwa atakuta mto umelowa, kwa sababu ngoma imetoboka.

Alinifundisha mambo mawili yasiyohitaji betri, na hilo halikuwa jambo dogo, maana betri za otoskopu zilikuwa na tabia ya kuhamia kwenye redio ya mlinzi. La kwanza ni utambi. Unachukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, unakisokota kiwe na ncha, unavuta sikio nyuma kidogo, unaingiza, unasubiri kinywe usaha, unatoa, unatupa. Unaweka mwingine. Unarudia mpaka utambi utoke mkavu, halafu sikio unaliacha wazi. Sikio likikaa kavu, mara nyingi ngoma hujiziba. Likikaa limelowa, mtoto hupoteza usikivu kidogo kidogo bila mtu kugundua. La pili ni kunong'ona. Unasimama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono, unaziba sikio lake moja kwa kidole, unatoa pumzi yote, kisha unanong'ona neno upande wa sikio lililo wazi. Mtoto anayesikia atalirudia.

Bwana Mlelwa hakuwahi kuniuliza kama nimeelewa. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akageuza shingo, akasema, "Nionyeshe." Nikamwingizia bosi wangu utambi sikioni, mara nne, mpaka akaridhika kwamba sitamuumiza mtu. Nilidhani ni ukali tu wa watu wa zamani.

Baada ya kuhamishwa huku na huku kwa miaka, nilipelekwa zahanati ndogo kwenye vilima vya upande wa Kibakwe, nikakaa huko mpaka nikastaafu. Mimi ni mtoto wa mjini. Watu wa kwetu waliuza nguo na chumvi tangu enzi za misafara, na Kigogo changu kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Nilisalimia "Mbukwa", nikaitikiwa, na hapo mazungumzo yangu yakawa yamefika mwisho. Yaliyobaki alimalizia Roda, ambaye ni mtu wa hukohuko. Wanawake waliokuja kwangu walizungumza Kiswahili kifupi cha heshima. Ukiwauliza jambo, walisema ndiyo. Nilizipokea ndiyo zao zote bila kuzipima, mimi ambaye nilikuwa napima hata maziwa ya chai.

Kule juu, mwezi wa sita na wa saba, upepo unapasua midomo. Kila mtoto ana mafua, na nyuma ya mafua yanakuja masikio. Ng'ombe wanalala karibu na nyumba, kwa hiyo nzi hawana msimu, na sikio linalonuka huwaita. Akina mama wa huko huziba sikio la mtoto kwa pamba au kitambaa na kulifunga leso juu yake. Wengine hutia kwanza mafuta ya alizeti ya vuguvugu. Mafuta niliyapiga vita kwa kelele nyingi. Vile vizibo niliviona kila siku, nikavitoa, nikavitupa kwenye ndoo, na sikuwahi kumuuliza mtu vinasaidia nini.

Foibe alikuwa na miaka saba alipoletwa, mwanafunzi wa darasa la kwanza, mapengo mawili mbele na maneno tele. Kabla hajafika mezani kwangu alikwisha kumsimulia Roda habari za mbuzi wao aliyekula daftari la hesabu. Alikuwa ametoka kwenye mafua, na sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha kwa siku ya tatu. Mama yake, mwanamke mwembamba ambaye hakukaa kwenye kiti mpaka nilipomwambia mara mbili, alikuwa ametembea naye mwendo wa saa mbili. Nikatazama pua, nikatazama sikio, nikapapasa nyuma ya sikio, maana uvimbe pale ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Hapakuwa na uvimbe. Nikaandika dawa, nikasokota utambi, nikamwita mama asogee, nikauingiza.

"Umeona? Hivi. Ubadilishe mara tatu kwa siku."

Hapohapo Roda akaniita kutoka chumba cha pili. Kulikuwa na mama mjamzito, uchungu umemshika, kichwa cha mtoto kinaonekana. Nikasimama.

"Umeelewa, Mama Foibe?"

"Ndiyo, dokta."

Nikakimbia. Mtoto alizaliwa salama, na jioni nilijipongeza kwamba siku ilikwenda vizuri.

Walirudi baada ya wiki mbili, na harufu ikawatangulia. Sasa yalikuwa masikio yote mawili. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, benchi la kusubiri limejaa, na mlango wangu haufungiki kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu tangu Pasaka. Kila nililosema lilifika nje.

"Nilikuambia mara tatu kwa siku. Umefanya?"

"Nimefanya, dokta."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Usinidanganye, Mama Foibe. Sikio linalokaushwa mara tatu kwa siku halinuki hivi. Mnakuja hapa mnachukua dawa, mkifika nyumbani mnakaa. Mtoto akiwa kiziwi mtasema amerogwa."

Nje, benchini, mtu akacheka. Mama Foibe aliinamisha macho kwenye kadi ya mtoto kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Otoskopu haikuwa na betri. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona usaha, nikaona inatosha. Kama ningesafisha sikio kwanza kabla ya kufungua mdomo, ningeona kilichokuwa ndani. Nikaongeza dawa na kuandika kwenye daftari: mama hafuati maelekezo. Mstari huo bado upo. Roda, usiufute.

Hawakurudi tena. Nami, kusema kweli, niliwasahau.

Mwaka uliofuata, uwele ukiwa umefika magotini, tulikwenda kijijini kwao na kliniki ya mkoba, tukapewa darasa moja la kupimia watoto. Wakati Roda anafunga mizani nikachungulia darasa la jirani. Nyuma kabisa, peke yake kwenye dawati, alikaa msichana aliyefungwa leso kichwani. Mwalimu aliuliza swali, mikono ikanyooka darasa zima, yeye akabaki anawatazama wenzake midomoni. Alikuwa Foibe. Mapengo yalikuwa yameota meno.

"Huyo amebadilika," mwalimu wake aliniambia, kijana aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. "Mwaka jana alikuwa ananichosha kwa maswali. Sasa nikimwita haitiki. Baba yake anasema mwezi wa sita tukifunga shule anamtoa, akachunge mbuzi. Nami sina la kumwambia, dokta."

Nikamwomba dakika tano. Nikasimama nyuma ya Foibe, nikaziba sikio la kushoto, nikanong'ona la kulia, "Mbuzi." Kimya. Nikabadilisha upande. Kimya. Nikapandisha sauti hadi ya kawaida, ndipo akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayehisi kuna mtu kapita. Mtoto aliyeingia kwangu na hadithi ya mbuzi mla daftari sasa alikuwa hasikii hata neno mbuzi. Nilishikwa na hofu, na kama ilivyo kawaida yangu, hofu ikageuka hasira.

Nyumbani kwao ni juu ya kilima. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mama, maneno makali, yaliyopangwa vizuri, na Roda akinifuata nyuma na mkoba. Lakini kilima kile si cha mwanamke wa umri wangu wa wakati ule. Nilipofika uani Mama Foibe alikuwa anapepeta, kuku wamemzunguka. Aliniamkia shikamoo, akanipa kigoda, akaniletea maji. Nilikuwa natweta, hotuba yote imekwama kifuani. Nikamvuta Foibe karibu, nikanyoosha kidole kwenye sikio lake, na pumzi niliyobaki nayo ikatosha neno moja tu.

"Nionyeshe."

Akanielewa mara moja. Akanawa mikono kwa sabuni. Akaleta kutoka ndani ya nyumba kopo la siagi lenye mfuniko, akalifungua, na humo zilikuwamo tambi kama ishirini, zimesokotwa kwa urefu mmoja, nyeupe, zimechemshwa na kuanikwa juani. Alikuwa amekata shuka yake. Akavuta sikio la binti nyuma kidogo, kwa upole kuliko nilivyofanya mimi, akaingiza utambi mpaka mahali panapostahili. Kisha akafunga leso juu na kuketi.

"Endelea," nikasema.

"Nimemaliza, dokta."

"Huutoi?"

Akanitazama kama mtu anayejaribu kuona kama natania. "Jioni naweka mwingine."

"Na huo wa kwanza?"

"Ukilowa sana unaanguka wenyewe. Usipoanguka, mwingine unausukuma ndani. Nzi hawaingii." Kisha akaongeza, "Wewe ulipouweka hukuutoa. Tulirudi nao nyumbani."

Roda alitua mkoba chini. Nilikumbuka yote, mama mwenye uchungu, kiti changu kikisukumwa nyuma, mimi nikiuliza mlangoni swali ambalo jibu lake nilikwisha kulijua. Nilimwonyesha nusu ya kazi, na ile nusu ilifanana kabisa na kile ambacho wanawake wote wa vilima vile wamekuwa wakifanya siku zote. Angejuaje kwamba kuna nusu nyingine? Alibadilisha mara tatu kwa siku, kwa miezi, kama nilivyosema.

"Kwa nini hukuniambia siku ile nilipokugombeza?"

"Ulisema nisikudanganye," alijibu. "Nami nilikuwa nimekwisha kukuambia kweli."

Mkoba wangu ulikuwa na koleo ndogo. Nikamkalisha Foibe kwenye mwanga, kichwa mapajani kwa mama yake. Sikio la kulia lilitoa vipande vitatu, cha mwisho kimegeuka cheusi. La kushoto likatoa viwili. Machozi yalimtoka mtoto bila sauti. Nikayakausha masikio yote mawili, utambi baada ya utambi, nikitoa kila mmoja na kumwonyesha mama ulivyotoka, mpaka ukatoka mkavu. Kisha nikampa yeye kopo lake. Akafanya mara moja, akapatia.

"Nisamehe, Mama Foibe," nikasema. "Kosa lilikuwa langu."

Alikuwa anakunja leso.

"Kule ulinisema mbele za watu," alisema. "Hapa unaniomba radhi mbele ya kuku."

Roda akajifanya anakohoa. Mimi sikuwa na haki ya kukasirika. Niliteremka kilima kile nikiwa mnyonge kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Iliyofuata ni kazi ya polepole, ambayo ninyi vijana hamuipendi kwa sababu haina cha kuonyesha. Dawa za matone baada ya kukausha, kamwe kabla. Hakuna maji sikioni, hakuna mafuta, hakuna kizibo. Kwa ajili ya nzi, leso nyepesi tu iliyolegea. Mwalimu alimhamishia Foibe dawati la mbele. Nilikwenda kumtafuta baba yake mnadani, mtu wa maneno machache, nikamwomba asimtoe shule kwanza. Akafikiri, akasema, "Mpaka wafunge. Akiwa vilevile, namchukua." Nikawaandikia rufaa, wakapanda basi hadi Dodoma, na mtaalamu wa masikio akasema tuendelee hivyohivyo, huenda matundu yakaziba. Sikio la kushoto lilikauka baada ya wiki tatu. La kulia lilitusumbua. Leo kavu, kesho limelowa, na kila Mama Foibe alipotembea zile saa mbili kuniletea habari, aliongea na Roda zaidi kuliko alivyoongea nami.

Shule ilipokaribia kufungwa, walikuja wote watatu. Ilikuwa tena siku ya kliniki ya watoto. Benchi limejaa, kitasa bado kibovu, nami sikuwa nimekishughulikia kwa sababu afisa ugavi alikuwa na fomu zake na mimi nilikuwa na uvivu wangu. Baba alibaki nje amesimama na fimbo yake. Nilitazama kwa otoskopu, safari hii na betri nilizozificha mwenyewe: masikio makavu yote mawili, la kushoto limeziba. La kulia lilikuwa na kovu ambalo sikulipenda.

Nikasimama nyuma ya Foibe, nikaziba la kulia.

"Mbuzi."

"Mbuzi!" Alisema kwa sauti kubwa, kama watoto waliokaa muda mrefu bila kusikia wanavyosema.

"Ndoo." "Ndoo!" "Uwele." "Uwele!"

Mama yake alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili. Nikabadilisha upande, nikaziba la kushoto, nikanong'ona, "Kisima." Kimya. Nilijua nimenong'ona vibaya, bila kutoa pumzi kwanza, lakini ukimya ule ulinitisha hata hivyo. Nikafanya kama alivyonifundisha Bwana Mlelwa: nikatoa pumzi yote, nikasubiri. Nilitafuta neno la kumpa mtoto, na lililotoka sikulichagua.

"Nilikosea."

Foibe akainua kichwa. "Nilikosea!" akasema, na zahanati nzima ikamsikia.

Kule benchini watu wakageuza vichwa.

"Nani kakosea?" akauliza mwanamke mmoja kutoka nje, nusu akicheka.

Ningeweza kusema ni neno la kipimo tu. Mama Foibe alikuwa ananitazama, na safari hii hakuinamisha macho. Nikaenda mlangoni, nikausukuma wazi kabisa.

"Ni mimi," nikasema. "Mwaka jana nilimwita Mama Foibe mwongo hapa ndani, na baadhi yenu mlikuwepo mkasikia. Alifanya kila nilichomwonyesha. Mimi ndiye niliyemwonyesha nusu, na mtoto wake akapoteza masikio karibu mwaka mzima kwa ajili yangu. Roda atayarudia kwa Kigogo, ili asiwepo asiyeelewa."

Roda akayarudia. Alichukua muda mrefu kuliko mimi, na nadhani aliongeza mambo yake.

Shule ilipofunguliwa Foibe alikuwa dawati la mbele, sikio la kushoto likiwa upande wa mwalimu, maana la kulia halijarudi lote na sidhani kama litarudi. Mbuzi walichungwa na baba yake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile Mama Foibe alisimama, akamfunga binti yake ushungi kwa kuulegeza, akaweka kadi ndani ya mfuko. Mlangoni akasimama, akaupapasa ule mlango mahali pa kitasa.

"Haya," akasema. "Sasa kitengeneze, dokta."